Ufa Usiofichwa: Sanaa ya Kintsugi na Maadili ya Kuunga Kilichovunjika



Utangulizi

Katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo limehifadhiwa bakuli la kauri la rangi ya kijani chepesi kinachoelekea buluu. Lilitengenezwa katika majoko ya Longquan, kusini-mashariki mwa China, katika karne ya 13. Kwa mujibu wa maelezo yaliyoandikwa mwaka 1727 na mwanazuoni wa Kijapani Ito Togai, bakuli hilo lilikuja kumilikiwa na Ashikaga Yoshimasa, aliyekuwa shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani, kati ya mwaka 1449 na 1473. Lilipoingia ufa, Yoshimasa alilipeleka China akaomba aletewe jingine linalofanana nalo. Jibu alilopata ni kwamba chombo cha uzuri ule hakikuweza kupatikana tena katika China ya wakati huo. Bakuli likarejeshwa lile lile, ufa wake ukiwa umebanwa kwa vibanio vya chuma. Wajapani waliviona vibanio hivyo kama nzige wakubwa waliotua juu ya chombo, na ndiyo sababu bakuli likaitwa Bakohan, jina linalotokana na nzige hao.

Kisa hiki hutajwa mara nyingi kuwa ndicho chanzo cha kintsugi, sanaa ya Kijapani ya kuunga vyombo vilivyovunjika kwa utomvu wa mti na kuupaka mstari wa mwungo unga wa dhahabu. Husemwa kwamba Wajapani walichukizwa na vibanio vile, wakabuni njia iliyo nzuri zaidi. Maelezo haya yanapendeza, lakini bakuli lenyewe hayaliungi mkono. Bakohan halikuunganishwa upya kwa dhahabu. Vibanio vyake vingalipo hadi leo, na waliolimiliki walilithamini zaidi kwa sababu ya vibanio hivyo. Tena, simulizi hiyo hiyo inadai kwamba mmiliki wa kwanza wa bakuli alikuwa Taira no Shigemori, aliyefariki mwaka 1179, ilhali ufinyanzi wake ni wa karne iliyofuata. Kwa hiyo simulizi nayo ina ufa, na msomaji makini anapaswa kuuona.

Mhadhara huu unaichunguza kintsugi kama kazi ya mikono, kama sehemu ya historia ya chai nchini Japani, na kama swali linalowahusu wote wanaoshughulika na vitu vilivyofika mikononi mwao vikiwa pungufu, wakiwemo wataalamu wa Kiswahili. Hoja yake kuu ni moja: kuunga si kukirudisha kitu katika hali yake ya awali, kwa kuwa hali hiyo haipo tena. Kuunga ni kutoa uamuzi juu ya namna ambavyo habari ya kuvunjika itasimuliwa. Mwungaji anaweza kuificha habari hiyo au kuidhihirisha, na kila njia ina gharama yake.

Jina na Maana Yake

Neno kintsugi limeundwa kwa sehemu mbili. Kin ni dhahabu. Tsugi ni nomino itokanayo na kitenzi tsugu. Ikiwa fedha itatumika mahali pa dhahabu, kazi huitwa gintsugi. Lipo pia jina kintsukuroi, ambalo sehemu yake ya pili ina maana ya kutengeneza au kukarabati.

Kitenzi tsugu kinastahili kutazamwa kwa makini. Maana yake ya kwanza ni kuunga kitu na kitu. Hata hivyo, kitenzi hicho hicho hutumika kwa maana ya kurithi na kuendeleza: mtoto anayeshika kazi ya mzazi wake, au mwanafunzi anayepokea ufundi wa mwalimu wake, huelezwa kwa neno hilo. Kwa hiyo katika Kijapani mwungo wa chombo na urithi wa ukoo vinakaa katika neno moja. Kuunga bakuli ni kulifanya liendelee kutoka mkono hadi mkono, na anayeliunga huingia katika safu ya waliolimiliki.

Kiswahili nacho kimejenga mengi juu ya kitenzi unga. Humo mna kiungo cha mwili, kiungo cha mchuzi, muungano wa nchi, na kuungana kwa watu. Kwa sadfa tu ya sauti, unga ni pia kile kinachotoka kinuni, na sadfa hii inapendeza zaidi inapobainika kwamba gundi inayotumiwa katika kintsugi huchanganywa kwa unga wa ngano.

Kazi ya Mikono

Watu wengi wanaoitaja kintsugi hufikiri kwamba dhahabu ndiyo inayoshika vipande. Sivyo. Dhahabu ni ngozi ya juu tu, nyembamba mno, inayowekwa mwishoni. Kinachoshika ni urushi, utomvu unaogemwa kutoka katika mti wenye jina hilo hilo. Mti hupandwa na kungojewa miaka 10 hadi 15 kabla ya kugemwa. Mgemaji huuchanja gome kidogo kidogo tangu mwanzo wa kiangazi cha Japani hadi majira ya majani kupukutika, na katika msimu huo mzima mti mmoja humpa takriban gramu 200. Kwa njia iliyozoeleka, mti hukatwa baada ya msimu huo, na machipukizi ya kisiki chake huachwa yakue upya. Eneo la Joboji, katika mkoa wa Iwate, ndilo mashuhuri zaidi kwa kazi hii, ingawa sehemu kubwa ya utomvu unaotumika Japani hutoka China.

Urushi ni wa ukoo mmoja wa mimea na mwembe na mkorosho. Mkulima wa Mtwara au Lindi aliyewahi kuunguzwa na mafuta ya ganda la korosho atamwelewa upesi fundi wa Kijapani anayewashwa ngozi kwa sababu ya utomvu mbichi, kwani kemikali zinazoleta madhara hayo zinakaribiana. Undugu huo umewahi kuleta faida pia: nchini Japani hutengenezwa rangi ya kung'arishia vyombo kutokana na mafuta ya ganda la korosho, ikitumiwa kama mbadala wa urushi ulio ghali.

Kazi yenyewe huenda hivi. Fundi huvisafisha vipande na kuvipanga mpaka ajue kila kimoja kinakaa wapi. Kingo zake huzipitishia msasa kidogo ili utomvu ushike. Kisha huchanganya urushi na unga wa ngano uliokandwa kwa maji, akapata gundi nzito iitwayo mugi-urushi. Gundi hiyo hupakwa kwenye kingo, vipande vikakutanishwa na kufungwa. Chombo huwekwa ndani ya kabati lenye joto la wastani na unyevu mwingi, kwa kawaida asilimia 70 hadi 85.

Unyevu huo huwashangaza wanaoanza kujifunza. Utomvu huu haukauki kwa kupoteza maji kama ifanyavyo rangi ya ukutani. Ndani yake mna kimeng'enya kinachohitaji oksijeni na unyevu wa hewa ili kuufanya ugande. Katika hewa kavu utabaki teketeke. Basi fundi hana namna ya kuharakisha: huacha wiki moja, mbili au zaidi zipite, ndipo akafungua kabati.

Vipande vikishashikana, mianya midogo huzibwa kwa sabi-urushi, yaani utomvu uliochanganywa na maji na unga laini wa jiwe. Pengo kubwa zaidi huhitaji mchanganyiko wenye unga wa mbao na nyuzi. Kila tabaka husubiriwa ligande, kisha husuguliwa mpaka kidole kikipita juu yake kisihisi mpaka. Baadaye hupakwa matabaka membamba ya urushi mweusi, nayo husuguliwa. Mwisho, mstari wa mwungo hupakwa utomvu mwembamba, mara nyingi mwekundu, na kabla haujaganda hunyunyiziwa unga wa dhahabu kwa brashi laini au pamba. Ukishaganda, hung'arishwa kwa jiwe la akiki au, kwa desturi ya kale, kwa jino la samaki. Kazi yote huweza kuchukua miezi miwili, mitatu, na pengine zaidi.

Zipo njia kuu tatu za kukabili hasara. Ikiwa vipande vyote vipo, huungwa kwa mstari wa ufa peke yake. Ikiwa kipande kimepotea, pengo hujazwa kwa mchanganyiko wa utomvu na kufunikwa kwa dhahabu, hivyo kila mtazamaji ajue kwamba pale hapakubaki kitu cha asili. Njia ya tatu huitwa yobitsugi, na sehemu ya kwanza ya neno hili hubeba maana ya kuita. Hapa fundi "hukiita" kipande cha chombo kingine, chenye rangi na nakshi nyingine, akakitia katika pengo. Kipande hicho hakijifanyi mwenyeji. Ugeni wake huachwa wazi.

Chai, Simulizi na Mashaka

Kuunga vyombo kwa utomvu ni jambo la kale sana nchini Japani. Watu wa enzi ya Jomon waliunga vyungu vyao kwa urushi maelfu ya miaka iliyopita. Kilichoongezwa baadaye ni dhahabu, pamoja na mazingira yaliyoipa dhahabu hiyo maana. Mazingira hayo yalikuwa ya sherehe ya chai, iliyofikia kilele chake katika karne ya 16 chini ya Sen no Rikyu (1522–1591). Mafundi waliokwisha kuwa stadi wa kunakshi vyombo vya mbao kwa utomvu na unga wa dhahabu walikuwa tayari na kila kilichohitajika. Wapenzi wa chai nao walikuwa wamejifunza kuona uzuri katika kilicho duni, kilichochakaa na kisicho sawasawa.

Husimuliwa kwamba mtu mmoja wa mji wa Sakai alikuwa na kidumu cha kuwekea chai kiitwacho Unzan, akakitumia mbele ya Rikyu kwa matumaini ya kusifiwa. Rikyu hakusema neno. Mwenyeji akakasirika, akakivunja. Rafiki zake wakaokota vipande, wakaviunganisha, kisha wakamwalika Rikyu tena. Safari hii akakisifu. Kidumu kile kilipofikia kuuzwa kwa bei kubwa, mmiliki wake mpya aliona kwamba vipande havikuungwa vizuri, akamuuliza bingwa wa chai Kobori Enshu (1579–1647) kama inafaa viungwe upya. Enshu akamjibu kwamba kidumu kile kinapendwa kwa sababu kiko vile kilivyo, na kwamba ni afadhali kukiacha.

Jibu la Enshu lina uzito kuliko sifa za Rikyu. Rikyu alikubali kuvunjika. Enshu alikubali hata kuungwa vibaya. Kwake yeye, kazi ya rafiki waliookota vipande ilikuwa imekwisha kuwa sehemu ya chombo, na kuinyoosha kungekuwa kufuta ukurasa.

Pamoja na hayo, sanaa hii haikukosa mashaka. Hon'ami Koetsu (1558–1637) aliacha bakuli liitwalo Seppo, lililopasuka ndani ya joko, na nyufa zake zikajazwa utomvu na dhahabu. Hilo halikuvunjwa na mtu. Lakini kuna bakuli jingine, la asili ya Korea, linalohusishwa na Furuta Oribe (1544–1615), ambalo inasimuliwa kwamba alilikata makusudi umbo la msalaba kwa sababu lilikuwa kubwa mno, akapunguza ukubwa wake na kuliunga tena. Ndipo likazuka swali ambalo halijapata kuisha: ikiwa ufa unaongeza thamani, nani atamzuia mtu asivunje kizima ili auze kilichoungwa? Sanaa iliyoanza kwa kuheshimu ajali ikajikuta imefungua mlango wa kughushi ajali.

Tahadhari Juu ya Sitiari

Katika miongo miwili iliyopita kintsugi imeenea duniani zaidi kama sitiari kuliko kama kazi ya mikono. Tarehe 5 Septemba 2021, katika sherehe ya kufunga Michezo ya Paralimpiki jijini Tokyo, Andrew Parsons, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki, aliitaja katika hotuba yake. Vitabu vingi vya nasaha vimeandikwa kwa jina lake, na maduka huuza vifurushi vya gundi ya viwandani na unga wa shaba kwa wanaotaka kumaliza kazi kwa saa moja.

Si vibaya kwa kazi ya mikono kuzaa sitiari. Lugha yote ya binadamu imekua kwa njia hiyo. Lakini sitiari hii inapotolewa haraka hupoteza mambo matatu. Kwanza, husahau utomvu na kukumbuka dhahabu. Kinachoshika vipande hakionekani, ni cheusi, kinawasha ngozi, na kinahitaji muda. Kinachoonekana hakishiki kitu. Pili, husahau kwamba si kila chombo huungwa. Vyombo vingi vilivyovunjika Japani vilitupwa kama vinavyotupwa kwingineko, na vilivyoungwa ni vile ambavyo mtu aliamua kwamba vinastahili gharama. Tatu, bakuli halina maumivu. Kumwambia mtu aliyeumizwa kwamba jeraha lake ni pambo kunaweza kuwa faraja likitoka kinywani mwake mwenyewe, na kunaweza kuwa dhuluma likitoka kwa aliyemuumiza.

Wahifadhi wa makumbusho nao wana mashaka yao, ingawa ni ya namna nyingine. Maadili ya taaluma yao yanataka ukarabati uwe wa kurudishika nyuma, yaani gundi iweze kuyeyushwa siku ikipatikana njia bora. Urushi ukishaganda ni vigumu mno kuuondoa. Hivyo kintsugi ni uamuzi usiotanguka, na chombo cha kiakiolojia hakitendewi hivyo kwa wepesi. Lakini wahifadhi na mafundi wa kintsugi wanakubaliana katika jambo moja la msingi: kilichoongezwa kisidanganye jicho la anayechunguza.

Kauri za Longquan Pwani ya Afrika Mashariki

Majoko ya Longquan yaliyotoa bakuli la Yoshimasa hayakuuza bidhaa zake Japani tu. Kauri za kijani za majoko hayo zilivuka Bahari ya Hindi, na vigae vyake vimefukuliwa Kilwa, Gedi, Shanga, Manda na kwingineko katika upwa wa Waswahili. Mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alipopita pwani ya Tanganyika mwaka 1955 alistaajabia wingi wa vigae vya Kichina hata akaeleza kwamba historia ya nchi hiyo iliyo chini ya ardhi, tangu karne ya 10, imeandikwa kwa kauri hizo. Kwa hiyo, tunu iliyobanwa kwa vibanio na kurudishwa kwa mtawala wa Japani ina ndugu zake waliolala katika mchanga wa Kilwa Kisiwani.

Lugha imehifadhi alama ya safari hiyo. Neno kauri ni jina la simbi, kombe dogo la baharini lenye ngozi inayong'aa, na ni jina pia la chombo kilichong'arishwa mfano wake. Waitalia walipokutana na vyombo hivyo waliviita porcellana, jina ambalo kwao nalo lilikuwa la simbi. Watu wawili walio mbalimbali walitazama mng'aro mmoja wakakumbuka kombe moja.

Waswahili waliipa kauri ya kigeni mahali pa heshima. Ndani ya majumba ya mawe ya Lamu na Pate ilipangwa katika zidaka. Nje, bakuli na sahani zilipachikwa katika chokaa ya makaburi yenye nguzo, kama yanavyoonekana Kunduchi na Mambrui. Chombo kilichopachikwa kaburini hakikuliwa tena. Kilifanywa kuwa maandishi. Baadhi ya vyombo hivyo vimevunjika, vingine vimeng'olewa, na mahali pake pamebaki matundu ya mviringo ambayo kila mpita njia anaweza kuyaona. Matundu hayo ni ushahidi kama vilivyo vigae. Anayefikiria kuyaziba kwa chokaa mpya ili ukuta upendeze, au kupachika sahani za kisasa mahali pake, atakuwa anafuta habari mbili kwa mpigo: kwamba palikuwa na chombo, na kwamba kimeondolewa.

Kuunga, Kuziba na Kuganga

Methali za Kiswahili zina mengi ya kusema juu ya kuvunjika. Usipoziba ufa utajenga ukuta: hapa ufa ni adui wa kuwahiwa kabla haujakua. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: hapa kazi ni kubwa kuliko chombo, na koleo jingine litapatikana. Mfinyanzi hulia gaeni: hapa gae ni alama ya unyonge wa mtu anayewafinyangia wengine vyombo vizima. Katika zote tatu, kilichopasuka ni hasara ya kuzuiwa, kuvumiliwa au kusikitikiwa.

Methali ya nne ina fumbo zaidi. Yaliyopita si ndwele, ganga yajayo. Siku hizi kitenzi ganga husikika hasa kwa maana ya kutibu, na humo ndimo alimotoka mganga. Lakini kamusi za zamani, kama ile ya A. C. Madan ya mwaka 1903, zinaonesha kwamba neno hilo lilikuwa na maana pia ya kufunga na kuunga kitu kilichovunjika au kukatika. Mguu uliovunjika uligangwa, na mti uliopasuka uligangwa. Ganga, basi, ni neno la Kiswahili linalokaribia zaidi kazi ya fundi wa kintsugi, kwani linakutanisha kuunga na kuponya bila kutenganisha kitu na mwili.

Methali hiyo yasema kwamba yaliyopita si ugonjwa; haisemi kwamba hayakuwapo. Mtu anaweza kuacha kuuguza jana bila kuikana. Hapo ndipo hekima ya pwani na ufundi wa Japani vinapokaribiana. Vinatofautiana katika hatua inayofuata: methali huelekeza macho mbele, kintsugi huuacha mstari wa nyuma mahali pake ili macho yasisahau.

Mhariri na Pengo la Muswada

Swali hili la ufa linawagusa moja kwa moja wanaohariri fasihi ya kale ya Kiswahili. Miswada iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu imefika katika maktaba za Dar es Salaam, London na kwingineko ikiwa na hali mbalimbali. Orodha ya miswada ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotolewa na J. W. T. Allen mwaka 1970, yaonesha ukubwa wa urithi huo. Karatasi nyingine zimeliwa na wadudu, nyingine zimelowa, na beti nyingine zimenakiliwa na mwandishi aliyechoka, akaruka kipande. Mhariri anakaa mbele ya karatasi hizo kama fundi mbele ya vigae.

Njia zilizo mbele yake ni zile zile. Anaweza kuziba pengo kwa neno la kubuni, lenye mizani na vina sahihi, bila kumwambia mtu. Ubeti utasomeka vizuri, na kizazi kijacho kitamnukuu mshairi kwa neno ambalo hakulisema. Anaweza kuacha pengo tupu. Anaweza kulijaza na kuweka mabano au maelezo pembeni. Huo ndio mstari wake wa dhahabu. Au anaweza kuchukua ubeti kutoka nakala nyingine ya utenzi huo huo na kusema wazi umetoka wapi. Hiyo ndiyo yobitsugi yake.

Hatari kubwa haimo katika matobo ya wadudu, kwani tobo hujitangaza lenyewe. Imo katika marekebisho yenye nia njema. Mhariri anayekutana na neno nti la Kiamu akaandika nchi ili mwanafunzi wa Kiswahili Sanifu aelewe, huenda amelivunja pale lilipokuwa likishika kina na neno kati, na tena ameufuta ushahidi wa lahaja. Ameunga mahali pasipovunjika, kisha akaficha mwungo. Afanyaye hivyo katika beti mia moja anakuwa ametengeneza chombo kipya na kukiuza kwa jina la kale.

Tahadhari hii ina haja kubwa zaidi leo. Programu za kompyuta zinaweza kusafisha picha ya muswada, kukisia herufi zilizofutika, na kutoa mstari mzima ulionyooka kwa dakika chache. Msaada huo si wa kukataliwa. Lakini hautoi dhahabu kwa hiari yake: hauachi alama mahali ulipokisia, mpaka mtaalamu audai. Kadiri uungaji unavyokuwa rahisi na laini, ndivyo wajibu wa kuonesha mwungo unavyozidi kumwelemea binadamu anayetia sahihi yake katika kitabu.

Hitimisho

Kintsugi haifundishi kwamba kuvunjika ni kuzuri. Hakuna fundi aangushaye bakuli ili afurahi, na yule aliyekata makusudi ameacha swali ambalo hata wapenzi wa sanaa hiyo hawajalimaliza. Inachofundisha ni kwamba kitu kikishavunjika kuna ukweli mpya juu yake, na kwamba anayekiunga ana hiari ya kuusema ukweli huo au kuuzika. Inafundisha pia kwamba ukweli huo hauletwi na dhahabu peke yake. Chini ya dhahabu lazima uwepo utomvu uliogemwa kwa uvumilivu, uliosubiriwa katika unyevu, tabaka juu ya tabaka, na kazi hiyo ya chini haina wa kuipongeza.

Bakuli la Yoshimasa lingali na vibanio vyake. Mafundi wa karne zilizofuata walikuwa na utomvu, walikuwa na dhahabu, na walikuwa na ustadi wa kuviondoa. Hawakuviondoa. Walielewa kwamba vibanio vile ni barua kutoka China, inayosema kwamba chombo cha namna ile hakikupatikana tena. Mwanafunzi anayefungua muswada wa zamani, akafika palipoliwa na wadudu, naye ameletewa barua. Akiijaza, na aijaze; lakini aache mstari utakaomwonesha msomaji wa kesho mahali mkono wa mshairi ulipoishia na mahali mkono wake yeye ulipoanza.